Uvuli na Kivuli

Simama juani adhuhuri. Kile kinacholala chini miguuni pako ni kivuli. Weusi mwepesi ulio chini ya kidevu chako na ndani ya mikunjo ya kanzu, mimi nauita uvuli. Maneno haya ni ndugu wa mzizi mmoja, -vuli, pamoja na mwavuli, na wengi huyachanganya. Fundi wa rangi hana ruhusa hiyo.

Tazama wapakaji wa sanamu ndogo za michezo ya vita ya mezani, zile za milimita 28 hivi, zinazopendwa sana Uingereza. Sanamu ya kimo hicho ni ndogo mno kwa taa ya chumbani kuipa uvuli wa kutosha. Ukiipaka rangi moja tu, uso na joho huonekana bapa. Basi fundi huutia uvuli kwa mkono. Huzimua rangi nyeusinyeusi hadi iwe majimaji, akaiachia itiririke yenyewe mabondeni mwa mikunjo. Ikikauka, huchovya brashi katika rangi angavu, akaifuta kwa kitambaa mpaka ibaki karibu kavu, kisha akaipitisha juujuu. Rangi hushika miinuko pekee. Joho jekundu halitiwi weupe kwenye miinuko, maana litageuka waridi. Hutiwa rangi ya chungwa.

Upande huo wa pili, wa kuangaza miinuko, nao unahitaji jina. Wengine husema mng'ao, lakini mng'ao ni wa shaba iliyosuguliwa. Napendekeza nuru: kutia uvuli, kutia nuru.