Hii si Zimbabwe, wasee. Hii ni Migori

Juzi niliposti picha ya ukuta wa mawe, nusu yenu mkaandika ati "hiyo ni Zimbabwe". Zii. Hiyo ni Thimlich Ohinga, kama kilomita 46 kutoka mji wa Migori. Ukitokea Homa Bay unapitia Rodi Kopany, unashika njia ya Mirogi, halafu unakula vumbi kidogo.

Kwa Dholuo, ohinga ni boma lenye ngome. Thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Kuta zenyewe zilijengwa karibu karne ya 16, na zina urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5 kwenda juu. Simiti hakuna. Hata udongo wa kushikanisha hakuna. Mafundi walipanga mawe upande wa nje, wakapanga upande wa ndani, kisha wakajaza vijiwe katikati mpaka yakabanana. Maboma makubwa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Milango ni mifupi makusudi, lazima uiname. Sasa fikiria wewe ni mwizi wa ng'ombe, unaingia ukitanguliza kichwa, na mwenye boma anakungoja ndani na rungu.

Kwa komenti mlikuwa mnapigana: ni ya Wajaluo ama ya Wabantu? Jibu litawaudhi wote. Wabantu walikaa hapo, Wajaluo pia wakakaa, watu wakihama na wengine wakiingia, hadi karne ya 20. Na kila aliyeingia alirekebisha pale palipobomoka. Hiyo ndiyo siri ya huo ukuta. Haungesimama miaka mia nne hivi kama kila mgeni angesema "hii si ya watu wetu".

Sasa niwaambie kitu cha aibu. Nilipoacha chuo, nilienda kukaa kwa dani, upande wa Homa Bay. Jiko lake lina msingi wa mawe mazuri sana. Siku moja nikamuuliza yalitoka wapi. Akasema, "Kwa ohinga ya kule juu, nyakwara. Yalikuwa yamelala tu." Nikanyamaza. Nimekula ugali juu ya hayo mawe tangu nikiwa mdogo.

Dani hakuiba. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia ni kitu cha maana. UNESCO iliorodhesha Thimlich mwaka wa 2018, na ni poa. Lakini Nyanza Kusini ilikuwa na maboma kama hayo zaidi ya 500. Mengi hayana kibao, hayana mlinzi. Yako katikati ya shamba la mtu, na kila msimu jiwe moja linaenda kujenga choo ama zizi.

Kwa hivyo, wikendi hii nenda Thimlich, lipa kiingilio, usipande ukuta kutafuta picha. Halafu ukifika ushago, uliza wazee: ohinga yetu iko wapi? Piga picha, nitumie na jina la kijiji. Naanza kuziweka pamoja.

Ya kwanza ni ya kule juu kwa dani. Imebaki ukuta wa magotini. Jana tulipanda naye, polepole. Alirudisha jiwe moja lililoanguka, akalisukuma mpaka likabana.