Wino Mwekundu, Wino Mweusi: Rangi Zilizotawala Barua

Uamuzi wa shirika la posta la Denmark kuacha kusambaza barua mwishoni mwa mwaka 2025, baada ya huduma iliyodumu tangu 1624, umewakumbusha wapenzi wa historia jambo ambalo siku hizi halimshughulishi mtu, nalo ni rangi ya wino juu ya barua.

Nchini Uingereza, kabla ya mwaka 1840, nauli ya barua kwa kawaida ililipwa na mpokeaji. Karani wa posta aliiandika nauli hiyo kwa mkono karibu na anwani, na tarakimu za wino mweusi zilimaanisha kwamba mpokeaji anadaiwa, ilhali za wino mwekundu zilimaanisha kwamba mtumaji amekwisha kulipa.

Rangi hizo mbili zilizua mtafaruku mwaka 1840. Stempu ya kwanza, Penny Black, ilianza kutumika tarehe 6 Mei ikiwa nyeusi, na ili isitumike mara ya pili ilipigwa muhuri wa kuibatilisha wenye umbo la msalaba, kwa wino mwekundu. Wakuu wa posta walitumiwa hata maelekezo ya kuuchanganya wenyewe: ratili moja ya wino mwekundu wa wachapaji, painti moja ya mafuta ya kitani na nusu painti ya masalio ya mafuta matamu. Mchanganyiko huo ulitoa wekundu wa kila namna, na, lililo baya zaidi, uliweza kufutwa, hivyo wajanja wakazisafisha stempu na kuzibandika upya. Rowland Hill, mwasisi wa mpango wa kulipia barua kwa stempu, ambaye simulizi yake iliyochapishwa 1880 ndiyo inayofuatwa na wengi, alihangaika na majaribio ya wino hadi rangi zikabadilishana nafasi: mwaka 1841 stempu ya peni moja ikawa nyekundu na muhuri ukawa mweusi. Ni haki kusema kwamba wajanja hao, ambao hakuna anayewajengea sanamu, walichangia sura ya stempu kuliko wachoraji wengi.

Baadaye zikaja rangi za viwandani, kalamu za wino wa mafuta na, katika karne ya 20, mashine za kusoma anwani. Mashine hizo hutegemea tofauti kubwa kati ya wino na karatasi, na zile zinazomulika kwa mwanga mwekundu huyaona maandishi mekundu kwa shida. Ndiyo maana anayeandika anwani leo hushauriwa kutumia wino mweusi au wa buluu iliyokolea kwenye bahasha nyeupe.