Elimu ya Theluji Katika Milima ya Alps

Tangu zamani watu wa milima ya Alps walijua kwamba theluji huua, lakini hawakujua vema kwa nini mteremko mmoja huporomoka na jirani yake hukaa salama. Walitegemea kumbukumbu za wazee, dalili za upepo, na hofu yao. Hofu ni mlinzi mwema, ila haina ushahidi wa kumshinda mwenye amri.

Jambo hili lilidhihirika tarehe 13 Desemba 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kambi ya askari wa Austria ilijengwa katika mlima wa Marmolada, mahali palipokingwa na mizinga ya Waitalia. Kapteni wa kambi aliona theluji ikirundikana juu yao, akaomba ruhusa ya kuhama, akanyimwa. Theluji ikashuka alfajiri, ikazizika nyumba za mbao, na askari zaidi ya 200 wakafa. Jicho lake liliona kweli, lakini hakuwa na kipimo cha kuithibitisha.

Kipimo kilitafutwa nchini Uswisi. Mwaka 1936 wataalamu walianza kazi Weissfluhjoch, juu ya mji wa Davos. Walichimba mpaka chini, wakatazama ukuta wa shimo, wakaona kuwa theluji si kitu kimoja. Kila dhoruba huacha tabaka lake, na matabaka hayo hubadilika yangali yamefunikwa: mengine hushikana yakawa magumu; mengine chembe zake hukua zikawa kama sukari isiyoshikamana. Bamba gumu likilala juu ya tabaka dhaifu, uzito wa mtu mmoja waweza kulivunja. Robert Haefeli alibuni fimbo ya chuma iliyopigwa kwa nyundo ili kupima ugumu wa kila tabaka.

Mwaka 1945 taasisi ya Davos ilikabidhiwa na jeshi kazi ya kutangaza hatari. Hata hivyo, katika majira ya baridi ya 1950–51 maporomoko yaliua watu 98 katika Uswisi. Mwaka 1993 nchi za Ulaya zilipatana juu ya kipimo kimoja cha hatari chenye daraja 5.

Lakini tangazo husema habari za wilaya nzima, na msafiri wa ski husimama mbele ya mteremko mmoja. Kwa hiyo apitaye nje ya njia zilizotengenezwa hana budi kuchunguza mwenyewe. Hupima mwinamo, kwani mabamba mengi huvunjika penye nyuzi 30 na zaidi, huchimba shimo, hukata donge la theluji, akasimama juu yake aone kama litateleza. Nalo lisipoteleza, hatua chache mbele theluji yaweza kuwa nyingine. Katika vifo vingi vya wasafiri hao, bamba lilivunjwa na marehemu mwenyewe au mwenzake.

Kapteni wa Marmolada alinyimwa ruhusa ya kuhama. Msafiri wa leo hana wa kumnyima ruhusa ya kurudi, isipokuwa tamaa yake.