Mistari Miwili na Hukumu ya Macho

Mnamo mwaka 1889 mwanazuoni wa Kijerumani, Franz Müller-Lyer, alichora mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja akautia katika kila ncha vitawi viwili vilivyokunjwa kwa ndani, na wa pili vitawi vilivyotanuka kwa nje. Na Wazungu walioutazama mchoro ule aghalabu walihukumu kuwa mstari wa pili ni mrefu kuliko wa kwanza.

Mwaka 1898 Chuo Kikuu cha Cambridge kilipeleka msafara wa wataalamu, ukiongozwa na Alfred Haddon, katika visiwa vya Mlango wa Torres, baina ya Australia na New Guinea, naye tabibu W. H. R. Rivers akawa miongoni mwao. Dhana iliyotamalaki zama zile ilisema kwamba watu walioitwa washenzi wamejaaliwa hisi kali kwa kuwa akili zao ni hafifu. Rivers alipowapima wenyeji hakuona katika macho yao ukali wa ajabu uliosimuliwa. Na katika mistari ya Müller-Lyer walihadaika kidogo kuliko Waingereza, ilhali katika mchoro mwingine, wa mstari uliosimama juu ya uliolala, wao ndio waliohadaika zaidi. Lau hadaa ingalikuwa dalili ya upungufu wa akili, kundi moja lingalishindwa katika michoro yote miwili.

Katika miaka ya 1950, Melville Herskovits na Donald Campbell wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walihitilafiana: wa kwanza aliamini kuwa mila huathiri hata uonaji, wa pili alitia shaka. Badala ya kubishana pasipo ithibati, walishirikiana na Marshall Segall kuwapima watu karibu 1,900, wengi wao Waafrika, wakiwamo Wanyankole na Watoro wa Uganda. Kabla ya kupimwa, kila mtu alionyeshwa mistari iliyotofautiana waziwazi, ili ijulikane kwamba ameelewa swali. Na mistari ikatiwa rangi mbalimbali, asije mtu akahukumiwa kwa kosa la lugha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1966, Herskovits akiwa amekwisha fariki. Wakazi wa Evanston, mji wa chuo chenyewe, walihadaika kupita wote, hata mstari mmoja ulihitaji kurefushwa kwa takriban sehemu moja ya tano ndipo uonekane sawa na mwenziwe. Na Wasan wa Kalahari hawakuhadaika ila kidogo mno. Watafiti walifasiri kwamba akuaye katika vyumba vya pembe mraba huzoea kusoma pembe kuwa ni umbali. Wengine baadaye walitafuta sababu katika rangi ya ndani ya jicho, na mjadala ukaendelea.

Lakini jambo moja li bayana: dhana iliyowadunisha watu kwa vizazi ilivunjwa na wale waliokubali kujipima wao wenyewe kwa kipimo kile kile walichowapimia wenzao, na elimu isiyokubali sharti hilo haistahili kuaminiwa inapotoa hukumu juu ya taifa lolote.