Songwe: Mwamba mwekundu ulioficha taya la sokwe wa kale

Kwa macho tu ungesema ni mwamba mmoja. Kusini magharibi mwa Tanzania, kwenye bonde la ufa la Rukwa, mawe mekundu ya mchanga yamejitokeza kwenye kingo za mito na makorongo. Kwa miaka mingi wanajiolojia waliyaweka yote fungu moja, huku wakibishana kuhusu umri wake.

Kumbe ni miamba miwili. Ule wa chini, Galula, ni wa enzi za dinosaria. Humo alitoka Shingopana, dinosaria mwenye jina la Kiswahili kabisa, na pia Galulatherium, mamalia mdogo anayejulikana kwa taya la chini tu, ambaye meno yake yaliendelea kuota maisha yake yote.

Wa juu unaitwa Nsungwe, na kilichoutenganisha na mwenzake ni majivu ya volkano yaliyonasa katikati ya tabaka zake. Baadhi ya madini kwenye majivu hayo yana elementi za mionzi, nazo hubadilika kwa kasi inayojulikana. Ukipima kiasi kilichobadilika, unapata umri. Jibu lilikuwa takriban miaka milioni 25, yaani dinosaria walikuwa wameshatoweka miaka milioni 40 hivi kabla.

Umri huo ndio uliofanya visukuku vya Nsungwe kuwa habari kubwa. Mwaka 2013, Nancy Stevens na wenzake walitangaza kwenye jarida la Nature viumbe wawili kutoka mwamba huo. Rukwapithecus yumo kwenye kundi la sokwe, ambalo na sisi binadamu tumo. Nsungwepithecus ni wa upande wa nyani na tumbili. Vipimo vya vinasaba vilikuwa vimeonyesha kwamba matawi hayo mawili yaliachana kati ya miaka milioni 25 na 30 iliyopita, ila ushahidi wa mifupa ulikuwa haba mno. Hapa yakapatikana yote mawili, bonde moja, zama moja.

Usitarajie mafuvu mazima, lakini. Rukwapithecus ni kipande cha taya chenye meno machache. Nsungwepithecus ndiyo kabisa: kipande cha taya na gego moja, la mwisho.

Majirani zao nao walikuwa wadogo wadogo. Kuna panya aliyeitwa Kahawamys mbeyaensis, na pimbi aliyepewa jina Rukwalorax jinokitana. Hilo la pili halihitaji mkalimani.