Kabare ya nyumbani: vyombo vya kununua na vyombo vya kuepuka

Katika Lubondja, sawa na Fizi na Baraka, si ajabu kukuta nyumba yenye ni kabare pia. Mbele ya mlango kuna viti viwili vitatu na meza ndogo, nyuma kuna bidoni ya kasiksi, na mama wa nyumba ndiye muuzaji. Pesa ya hapo inalipa minervali ya watoto, inanunua chumvi na sabuni. Lakini kazi hii ndogo inashika maisha ya watu mkononi. Chombo kibaya kinaharibu kinywaji, kinakula faida, ao kinapeleka mteja hospitali. Mtu mwenye anataka kuanza, hata kwa mtaji mdogo, afikirie vyombo kwanza.

Bidoni

Bidoni ya litre 20 ndiyo chombo cha kwanza. Swali la kuuliza sokoni si bei tu, ni hili: bidoni hii ilibeba nini zamani? Ile yenye ilibeba mafuta ya kula inafaa, ikioshwa vizuri kwa maji ya moto na sabuni. Ile yenye ilibeba dawa ya kuua wadudu wa shamba, esanse, mazutu ao dawa za kiwandani haifai hata siku moja. Plastiki inanyonya sumu na kuirudisha pole pole ndani ya kinywaji, na kuosha hakutoshi kuiondoa.

Chini ya bidoni mara nyingi kuna alama ya pembetatu yenye namba. Namba 2 na namba 5 ni za plastiki zenye zinatumiwa sana kwa chakula. Lakini namba peke yake haitoshi, juu bidoni yenye namba 2 inaweza kuwa ilibeba dawa ya shamba. Kukosa harufu pia si ushahidi. Kama historia ya bidoni haijulikani, ibebe maji ya kukandia udongo wa kujengea, isiguse kinywaji.

Jambo lingine: kasiksi na pombe ya michikichi zinaendelea kuchacha ndani ya chombo na kutoa gesi. Bidoni ikifungwa kwa nguvu, inavimba na inaweza kupasuka. Kifuniko kiachwe kimelegea kidogo, kisha kitambaa safi kifunike juu ili nzi wasiingie.

Sufuria, beseni na mapipa

Kinywaji chenye kuchacha kina ukali, na ukali huo unakula chuma. Ndoo ya bati yenye rangi ya fedha imepakwa zinki. Kasiksi ikilala ndani yake, zinki inaingia katika kinywaji na wanywaji wanaumwa tumbo na kutapika. Pipa la zamani la rangi ya nyumba ni baya zaidi. Sufuria ya aluminiyo ni nzuri kwa kuchemsha maji, lakini kinywaji kisilale ndani. Vyombo vyenye kufaa ni plastiki ya chakula, inokse, chungu cha udongo, na mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi kama wazee walivyofanya, mradi uoshwe na kukaushwa kila mara.

Sufuria kubwa ya maji isisahauliwe. Ndizi zikiisha kukamuliwa, watu wanaongeza maji, na hapo ndipo hatari inaingia. Kipindupindu kinajulikana sana kando ya ziwa Tanganyika, na Fizi na Baraka zimekuwa zikikipata mara kwa mara. Maji yachemshwe mpaka yatoe mapovu makubwa, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo yachanganywe. Mtu asitegemee ukali wa kasiksi kuua vijidudu.

Unga nao uangaliwe. Mwezi wa kwanza 2015, huko Chitima katika jimbo la Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya nyumbani kwenye kilio. Uchunguzi ulionyesha kwamba sumu ilitoka kwa bakteria iliyokua katika unga wa mahindi wenye ulikuwa umeharibika. Ufundi wa mpishi hauwezi kutengeneza unga wenye umelowana na kuoza. Utupwe.

Kichujio na kipimo

Kitambaa cha kuchujia kiwe kimoja, cha kazi hiyo tu. Baada ya kazi kichemshwe na kuanikwa juani. Kipande cha nguo ya zamani chenye rangi ya kutoka hakifai.

Kipimo kinaonekana kitu kidogo, lakini ndicho kinalinda faida. Bidoni ya litre 20, ukitoa litre 2 za machicha chini, inabaki litre 18. Kwa kopo la nusu litre, ni makopo 36. Kama kopo lenye watu wanaita nusu linaingiza sentilita 60, yanatoka makopo 30 tu. Makopo sita yamepotea kwa kila bidoni, na mama anashangaa mbona pesa haionekani. Kopo jipya lipimwe kwanza kwa chupa yenye kipimo kinachojulikana, kisha lichorwe alama. Na mteja pia asipunjwe: kipimo cha haki kinaleta wateja kesho.

Vere na makopo

Kopo lililokatwa kutoka kwenye bati la tomati lina makali na linapata kutu haraka. Vere ni safi na macho yanaona uchafu wake, lakini linavunjika. Kopo la plastiki gumu ao la inokse linadumu. Hesabu nzuri ni kuwa na makopo mengi kuliko viti, ili moja lioshwe wakati lingine linatumika. Kunywa watu wanne katika kopo moja, ao kwa mrija mmoja, ni desturi ya udugu, lakini wakati wa kipindupindu udugu huo unaua.

Kuosha kunahitaji beseni mbili: moja ya maji na sabuni, nyingine ya kusuuza, na maji yabadilishwe mara kwa mara. Makopo yageuzwe kwenye kichanja, yakaukie juani. Ndoo yenye robine na kipande cha sabuni iwekwe karibu na viti, mteja anawe mikono bila kuombwa.

Chupa na ubaridi

Kwa mwenye kuuza pia Primus ao bia nyingine ya kiwanda, chupa tupu ni sehemu ya mtaji. Ikivunjika, ni hasara. Ufunguo wa chupa ufungwe kamba kwenye meza. Kufungua kwa meno ao kwa chupa nyingine kunavunja jino ao kunaangusha kipande cha chupa ndani.

Kwenye hakuna umeme, frigo ya sola ni mzigo mzito kwa kabare mpya. Kuna njia ya udongo: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga katikati, maji yanamwagiwa mchanga, na kitambaa chenye maji kinafunika juu. Maji yakikauka yanavuta joto. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliisambaza njia hii kuanzia miaka ya 1990. Inafanya kazi vizuri wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua ubaridi wake unapungua, juu hewa imejaa unyevu.

Chombo cha kutonunua

Mapipa na mabomba ya kupikia lotoko ao kanyanga yasiingie nyumbani. Sheria inakataza, na hatari yake ni kubwa. Radiateri ya gari yenye watu wengine wanatumia kupoza mvuke inaacha risasi ndani ya pombe. Tena kuna methanoli, sumu yenye inaingia pombe kali ikichakachuliwa. Uganda mwaka 2010, na Kenya mwezi wa tano 2014, watu wengi walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakabaki vipofu. Ulimi, pua ao moto wa kiberiti haviwezi kuitambua. Mtu mwenye alikunywa, kisha anaona ukungu, anaumwa kichwa sana na kutapika, asilazwe nyumbani akingojwa pombe imtoke. Apelekwe hospitali mara moja.

Mwenye pesa kidogo aanze na vitu sita: bidoni safi mbili, sufuria ya maji, kitambaa cha kuchujia, kopo la kipimo, beseni mbili, na ndoo yenye robine. Viti vizuri, redio na taa vitafuata. Mteja anaweza kukaa juu ya jiwe akarudi kesho, lakini mwenye aliumwa tumbo harudi, na jirani zake pia hawatakuja.