"Jiendeshi", si "Huru"

Waliokaa mezani wakaamua kwamba gari linaloendeshwa na kompyuta liitwe "gari huru" wangeulizia habari za San Francisco za Desemba 2025. Umeme ulikatika, taa za barabarani zikazimika, na magari ya Waymo yakaganda kwenye njia panda huku foleni ikirefuka nyuma yake. Yalikuwa yamefundishwa kusimama penye taa iliyozimika, kisha kupita kwa zamu. Lakini mengine yalitaka kwanza uthibitisho wa wahudumu walio mbali, na maombi yakarundikana. Huru, neno la asili ya Kiarabu, ni asiye mtumwa. Uhuru gani huu wa kungoja ruhusa ofisini?

Kundi la pili limeng'ang'ania "gari lisilo na dereva". Hawa wanahesabu viti tu. Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akikokota baiskeli. Vihisio vilimnasa sekunde 5.6 kabla, programu ikamwita mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ilipombadilisha jina ikaanza upya kukisia anakoelekea. Nyuma ya usukani alikuwepo mwajiriwa wa kuangalia barabara, macho kayainamisha.

Je, dereva alikuwepo?

Mwandishi wa makala haya ameshapendekeza, zaidi ya mara moja na bila kujibiwa, "gari jiendeshi". Enda imezaa endesha. Endesha, ikivishwa -ji- ya kujirejelea na kumalizikia kwa -i, inatoa jiendeshi, kama unganisha ilivyotoa kiunganishi na vumisha ikatoa kivumishi. Wanaodai neno halina ladha ndio hao hao waliotuletea "kiendeshi" cha kompyuta, ambacho hakiendeshi hata toroli.

Tena neno hili haliahidi ustadi. Oktoba 2023, huko huko San Francisco, gari la Cruise lilimburuta mtembea kwa miguu yapata mita 6 likijisogeza kando ya barabara, baada ya gari jingine kumrusha mbele yake. Lilijiendesha, na lilijiendesha vibaya; mwezi huo huo California ikasimamisha vibali vya kampuni hiyo.

Wingi ni magari jiendeshi. Linalomtaka dereva akae tayari kushika usukani ni nusu-jiendeshi. Wahariri waanze na toleo lijalo, wasingoje kikao kingine.